Namna ya kumpata bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso

"Nenda kamwone bingwa wa meno." Mgonjwa huandikiwa maneno hayo kwenye karatasi, anatoka nayo, na hapo ndipo anapoanza kuzungushwa. Mabingwa wa meno ni wengi na kila mmoja ana eneo lake: yupo wa kupanga meno, yupo wa fizi, yupo wa kutibu mzizi wa jino, yupo wa meno bandia, yupo wa watoto. Anayepasua taya, kuunga mfupa wa shavu uliovunjika, kuondoa uvimbe kinywani au kutoa gego lililokwama ndani ya mfupa ni mwingine kabisa. Jina lake kamili ni daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Mapokezi ya hospitali wengi humwita kwa kifupi "maksilofesho", nawe ukipiga simu tumia jina hilo wasije wakakupeleka kwa mtu wa kusafisha meno.

Mabingwa hawa ni wachache karibu kila mahali na foleni zao ni ndefu. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na majina ya madaktari. Unaanza na tatizo lako, kwa sababu mgonjwa anayefika na tatizo lililoelezwa vizuri, picha sahihi na barua nzuri hupangwa haraka kuliko aliyefika na maneno "jino linasumbua".

Kabla ya yote: je, hali yako inaweza kusubiri miadi?

Yafuatayo hayasubiri. Ukiona mojawapo, usitafute bingwa. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa, hata kama ni usiku wa manane, nao watamwita aliye zamu.

Uvimbe wa taya au shingo pamoja na mate yanayoshindwa kumezwa, sauti iliyobadilika kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, ulimi ulionyanyuka juu, au kushindwa kulala chali. Usaha wa jino la chini, hasa la nyuma, unaweza kushuka chini ya ulimi na kusambaa shingoni. Ukishika pande zote mbili, njia ya hewa hubanwa kwa saa, si kwa siku. Vidonge vya antibiotiki peke yake havimwokoi mtu huyu: njia ya hewa lazima ilindwe na usaha utolewe. Wagonjwa hupotea kwa sababu walikaa nyumbani wakingoja dozi iishe.

Uvimbe wa jino uliopanda hadi kope zikafumba.

Ajali au kipigo, kisha meno hayakutani kama zamani, mdomo wa chini au shavu limekufa ganzi, unaona vitu viwili viwili, au majimaji mepesi kama maji yanatoka puani. Usipenge kamasi, maana hewa husukumwa kupitia ufa wa mfupa hadi kuzunguka jicho. Kwa mtoto kuna mtego mmoja ambao hata wahudumu huukosa: jicho linaonekana jeupe, halina jeraha, lakini halipandi juu na mtoto anatapika. Msuli wa jicho unaweza kuwa umenaswa kwenye mfupa uliopasuka, na kila saa ina thamani.

Taya lililochomoka, mdomo ukabaki wazi na haufungi. Likirudishwa mapema hurudi kwa urahisi. Likikaa, misuli hukaza na huenda ikahitajika dawa ya usingizi.

Damu isiyokoma baada ya kung'olewa jino, ilhali umeng'ata kitambaa safi kwa nguvu dakika 30 bila kukitoa kila mara kuchungulia.

Jambo moja linafanana na haya lakini njia yake ni tofauti. Jino la utu uzima likidondoka zima na mzizi wake, usitafute bingwa. Lishike sehemu nyeupe, usilisugue mzizi, lirudishe kwenye tundu lake au litie kwenye maziwa, na ufike kwa daktari wa meno yeyote aliye karibu ndani ya saa 1. Jino la utoto halirudishwi.

Hatua ya 1: Jua kama tatizo ni la bingwa huyu

Yanayomhusu moja kwa moja ni haya: gego la mwisho lililolala au kukwama ndani ya mfupa, mizizi iliyobaki karibu na mshipa wa fahamu au iliyoingia kwenye uwazi wa mfupa wa shavu, uvimbe wowote ndani ya taya, kuvunjika kwa taya, shavu au mfupa unaozunguka jicho, mpasuko wa mdomo au kaakaa wa kuzaliwa nao, taya lililokua mbele mno au nyuma mno, jiwe kwenye mrija wa mate, mfupa wa taya uliokufa baada ya mionzi ya saratani au baada ya dawa za kuimarisha mifupa, na kidonda au baka linalotia shaka.

Hilo la mwisho linahitaji kuelezwa zaidi. Kidonda cha kinywani ambacho hakijapona kwa wiki 2 hadi 3, hata kama hakiumi, kinapaswa kuangaliwa na mtu anayeweza kukata sampuli ya nyama. Vilevile baka jeupe lisilofutika, baka jekundu, sehemu ngumu pembeni mwa ulimi, jino moja lililolegea bila ugonjwa wa fizi, na mdomo wa chini uliokufa ganzi bila sababu. Mtu akishabadilishiwa dawa ya kusukutua mara tatu na kidonda kiko pale pale, tatizo si dawa ya kusukutua.

Yasiyomhusu kwanza: jino lililotoboka, fizi zinazotoka damu, meno yaliyopandana. Maumivu ya kiungo cha taya, kile kinacholia "tak" karibu na sikio unapotafuna, mara nyingi hutulia bila kisu: chakula laini, kuepuka kupiga miayo mipana, mazoezi na kifaa cha kuvaa usiku. Anayekuambia upasuaji siku ya kwanza kwa ajili ya mlio huo, mwulize amejaribu nini kingine.

Pima pia mdomo wako unafunguka kiasi gani, kwa sababu utaulizwa. Panga vidole vyako mwenyewe vitatu wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye afya huviingiza vyote. Ni kama milimita 35 hadi 50. Vikiingia viwili tu au pungufu, sema hivyo kwenye simu. Mdomo unaozidi kukaza siku hadi siku ni dalili inayoweza kukusogeza mbele ya foleni.

Hatua ya 2: Pitia kwa daktari wa meno wa kawaida, lakini utoke na barua yenye maana

Watu wengi huona hatua hii kama kupoteza siku. Si hivyo. Hospitali nyingi za rufaa hazimpokei mgonjwa bila barua, bima nyingi hazilipi bila barua, na daktari huyu ndiye atakayekutazama tena ukirudi nyumbani. Unachopaswa kukataa ni barua ya mstari mmoja. Hivi ndivyo barua inayofanya kazi inavyosomeka:

"Mwanamke, miaka 34. Uvimbe wa taya la chini kulia, eneo la magego mawili ya mwisho, miezi 8. Hauumi, unakua polepole. Meno mawili yamelegea. Mdomo wa chini hauna ganzi. Mdomo unafunguka milimita 40. Tezi za shingo hazijavimba. Anatumia dawa za shinikizo la damu. Ana mzio wa penisilini. Picha ya taya zima imeambatishwa. Hajang'olewa jino eneo hilo, hajakatwa sampuli. Naomba uchunguzi na matibabu."

Tazama sentensi ya kuhusu kung'olewa jino. Kosa kubwa linalofanywa kabla mgonjwa hajafika kwa bingwa ni kung'oa jino lililolegezwa na uvimbe. Jino halikuwa mgonjwa. Limesukumwa na kilicho chini yake. Likitolewa, tundu hubaki wazi, uvimbe huchomoza kupitia hapo, maambukizi huingia, na picha ya ugonjwa huvurugika kiasi kwamba hata maabara hupata shida. Kwa hiyo kama jino linacheza na taya limevimba, usikubali ling'olewe kabla picha haijapigwa na kusomwa.

Kuhusu picha: ya kuanzia ni eksirei ya taya zima, ile ambayo mashine inakuzunguka kichwa na kuonyesha mataya yote mawili kwenye filamu moja. Skani ya pande tatu ya taya ina kazi yake, lakini usiilipie kabla bingwa hajaiomba. Kwa gego la mwisho lililogusa mshipa wa fahamu huenda akaitaka; kwa uvimbe mkubwa au jipu la shingo huenda akataka skani ya CT yenye sindano ya dawa badala yake, na ile ya kwanza ikawa imelipiwa bure. Omba faili lenyewe la picha kwenye CD au flashi. Picha ya simu iliyopigwa filamu ikiwa dirishani, kisha ikatumwa kwa WhatsApp, inatosha kuuliza "je, nije?" lakini haitoshi kupanga upasuaji, kwa kuwa mstari mwembamba wa mfereji wa mshipa hupotea kabisa.

Hatua ya 3: Mahali pa kumtafuta

Anza na hospitali za kufundishia zenye shule ya udaktari wa meno. Huko mabingwa huwa zaidi ya mmoja, wana chumba cha upasuaji, maabara ya patholojia inayosoma sampuli za nyama, na chumba cha wagonjwa mahututi chini ya paa moja au karibu. Kisha hospitali za rufaa za taifa na za kanda. Kwa saratani ya kinywa, hospitali yenye mionzi na madaktari wa saratani ni bora hata ikiwa mbali, maana kisu mara nyingi ni sehemu tu ya tiba.

Vyama vya madaktari hawa navyo vina orodha. Nchi nyingi zina chama chao, na cha dunia kinajulikana kwa herufi IAOMS. Chama hakikuhakikishii ubora wa mtu, ila kinakupa majina ya kuanzia. Kwa mtoto mwenye mpasuko wa mdomo au kaakaa, uliza hospitali gani inashirikiana na Smile Train. Shirika hilo hugharimia upasuaji huo kupitia hospitali za wenyeji. Mpasuko wa mdomo kwa kawaida hushonwa mtoto akiwa na umri wa miezi 3 hadi 6, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18 hivi, kabla maneno hayajakomaa. Lakini msaada wa kunyonya unahitajika wiki ya kwanza ya maisha, si siku ya upasuaji. Mtoto asiyeongezeka uzito huahirishwa.

Kliniki binafsi ziulize swali moja tu: bingwa mwenyewe yupo siku zote, au huja siku fulani? Mara nyingi ni yule yule wa hospitali ya umma, anayekuja jioni. Hakuna ubaya. Ubaya ni kupasuliwa Ijumaa jioni na mtu ambaye hatarudi hapo hadi Ijumaa nyingine.

Kutafuta kwenye mtandao kuwe mwisho. Anayetokea juu ya orodha huenda amelipia tangazo.

Hatua ya 4: Hakikisha usajili

Karibu kila nchi ina baraza linalosajili madaktari wa meno, na mengi yana rejista inayosomeka mtandaoni. Tafuta kwa majina yote matatu, maana wapo wanaotumia jina la ndoa kazini na lingine kwenye rejista. Angalia vitu viwili tofauti: kwanza, leseni yake ni ya mwaka huu, pili, ameandikwa kama bingwa, na fani ya ubingwa imetajwa. Mtu anaweza kuwa na leseni safi ya udaktari wa meno bila kuwa bingwa wa chochote.

Herufi baada ya jina huchanganya watu. BDS, DDS na DMD zote ni shahada ya kwanza ya udaktari wa meno. Hakuna iliyo juu ya nyingine. Ubingwa huja baada ya hapo, na katika nchi nyingi huchukua miaka 4 hadi 6 ya mafunzo hospitalini. Zipo nchi, Uingereza ikiwa mojawapo, ambako bingwa huyu husomea udaktari wa meno na udaktari wa tiba pia. Marekani kuna njia ya miaka 4 na njia ya miaka 6 yenye shahada ya tiba. Kwa hiyo kukosa shahada ya tiba si lazima kuwe dosari; inategemea alikosomea. Cheti cha kozi fupi ya kupandikiza meno, kikiwa kimetundikwa ukutani kwa fremu ya dhahabu, hakimfanyi mtu kuwa mpasuaji wa taya. Na neno "mwanachama wa chama fulani" mara nyingi humaanisha amelipa ada.

Usipomwona kwenye rejista, mpigie katibu muhtasi wake umwombe namba ya usajili. Ombi hilo ni la kawaida, na daktari wa kweli hakasiriki. Ukipewa maneno mengi badala ya namba, tafuta mwingine.

Hatua ya 5: Simu ya kwanza

Kuwa na kalamu. Sema tatizo kwa sentensi mbili kama lilivyo kwenye barua, kisha uliza:

- Je, daktari hufanya upasuaji wa aina hii mara kwa mara, au huupeleka kwa mwenzake? Mabingwa wenyewe wamegawana: mwingine siku zake zote ni mivunjiko, mwingine saratani, mwingine kurekebisha mataya. Aliye bora kwa gego la mwisho si lazima awe bora kwa kuondoa nusu ya taya na kuliunda upya kwa mfupa wa mguu.
- Upasuaji hufanyikia wapi, na jengo hilo lina daktari wa usingizi na chumba cha wagonjwa mahututi?
- Siku za kliniki ni zipi, na dharura baada ya saa za kazi nampigia nani?
- Nije na nini, na ada ya kumwona tu ni kiasi gani?

Ukiambiwa nafasi iliyo wazi ni baada ya miezi, usikate simu. Uliza kama kuna orodha ya waliojiandikisha kujaza nafasi za wanaoghairi, na kama barua na picha vinaweza kusomwa mapema ili wapange kwa uzito wa ugonjwa. Kidonda cha wiki 3 hakipaswi kungoja miezi. Mwombe daktari wako wa meno apige simu mwenyewe. Simu ya daktari kwa daktari hufungua milango ambayo ya mgonjwa haifungui.

Hatua ya 6: Mkoba wa siku ya miadi

Barua, faili la picha, kitambulisho, kadi ya bima, majibu ya vipimo vya zamani. Na dawa zenyewe, zikiwa kwenye pakiti zake, si majina ya kukumbuka. Tatu ndizo zinazoharibu upasuaji zikifichwa:

Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin. Usiziache mwenyewe eti unaenda kung'olewa jino. Kwa kazi nyingi ndogo za kinywa huwa haziachishwi. Kwa anayetumia warfarin hupimwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ndani ya saa 24 kabla, au ndani ya saa 72 kama majibu yake huwa hayayumbi, na damu huzuiwa pale pale kwa nyuzi na vitambaa maalumu. Kuganda kwa damu kwenye moyo au ubongo ni hatari kuliko kutokwa damu kwenye fizi.

Dawa za kuimarisha mifupa: alendronate ya vidonge, zoledronic acid au denosumab ya sindano. Sema hata kama uliacha miaka iliyopita, hata kama ilikuwa sindano moja kwa mwaka. Kwa baadhi ya watu mfupa wa taya hushindwa kupona baada ya jino kung'olewa, na bingwa akijua mapema hubadilisha mpango mzima.

Insulini na dawa za kisukari. Nenda na kumbukumbu ya sukari ya wiki mbili.

Taja pia seli mundu, ugonjwa wa damu kutoganda katika ukoo, vali ya moyo ya bandia, mionzi ya kichwa au shingo uliyowahi kupata, na ujauzito pamoja na mwezi wake. Kama unavuta sigara, sema ni ngapi. Haulizwi ili usemwe: moshi huchelewesha kidonda na huongeza uwezekano wa tundu la jino kubaki mfupa mtupu, maumivu yale makali yanayokuja siku ya 3 hadi ya 5.

Hatua ya 7: Chumbani kwa daktari

Bingwa mzuri atakugusa shingo, atakagua ulimi wote pande zote mbili, na atakuonyesha picha yako. Asipoigusa picha, iombe muiangalie pamoja. Chukua mfano wa gego la mwisho la chini. Kwenye eksirei utaona mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba ndani ya taya: huo ni mfereji wa mshipa wa fahamu unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Mwombe akuonyeshe mizizi ya jino ilipo. Kama mstari mweupe unakatika ukifika kwenye mzizi, kama mzizi unageuka mweusi hapo, au kama mfereji unapinda ghafla, huenda mzizi na mshipa vimegusana. Kwa wagonjwa kwa jumla, ganzi ya kudumu hutokea kwa chini ya asilimia 1, na ya muda kwa asilimia chache; wewe mwenye alama hizo uko juu ya wastani. Hapo uliza kama skani ya pande tatu itabadilisha uamuzi, na kama inawezekana kukata kichwa cha jino na kuacha mizizi mahali pake. Uliza pia swali ambalo watu huliogopa: nisipolitoa, litatokea nini? Gego lililozikwa lisilo na ugonjwa wowote mara nyingine huachwa na kuangaliwa tu.

Kwa uvimbe wa taya maswali ni mengine. Sampuli itakatwa kabla ya upasuaji mkubwa? Maabara gani itasoma, na majibu siku ngapi? Je, uvimbe utakwanguliwa au utakatwa pamoja na mpaka wa mfupa mzima? Tofauti hii si ya maneno. Ameloblastoma, uvimbe unaokua polepole bila maumivu na unaopenda nyuma ya taya la chini, ukikwanguliwa tu hurudi kwa wagonjwa wengi, wakati mwingine baada ya miaka. Ndiyo sababu aina yake ya kawaida, iliyoota ndani ya mfupa, hukatwa pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima, na mgonjwa hufuatiliwa kwa picha miaka 10 au zaidi. Mgonjwa ambaye hakuelezwa hilo hufurahia upasuaji mdogo na kovu dogo, kisha hurudi na taya lililoliwa zaidi ya lilivyokuwa.

Kuhusu usingizi: kwa sindano ya ganzi unakula kama kawaida. Kwa dawa ya usingizi kamili kawaida ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji, na lazima awepo mtu wa kukurudisha nyumbani. Anayetoa usingizi kamili awe daktari au mtaalamu wa usingizi, si mpasuaji huyo huyo akifanya kazi mbili.

Ondoka, na usirudi, ukiona haya: anataka kupasua leo leo bila picha; anasema hakuna hatari yoyote; anasema nyama iliyotolewa haina haja ya kwenda maabara; anakuambia uache dawa za moyo bila kuwasiliana na daktari wako wa moyo.

Maoni ya daktari wa pili ni haki yako, hasa taya linapotaka kukatwa. Ila jiwekee mpaka. Kwa ugonjwa unaokua polepole, wiki chache hazidhuru. Kwa saratani iliyothibitishwa, pata maoni mamoja zaidi ndani ya wiki moja kisha uamue. Wapo waliozunguka hospitali tano wakitafuta atakayesema "si saratani", na uvimbe ukazunguka nao. Kwa jipu, hakuna maoni ya pili.

Hatua ya 8: Fedha na bima

Omba mchanganuo wa maandishi: mpasuaji, daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji, kitanda kwa siku, bamba na skrubu za titani, maabara ya patholojia, na miadi ya kurudi. Vitu viwili husahaulika makusudi au kwa bahati mbaya: bamba na maabara. Ukiambiwa "upasuaji ni kiasi hiki" bila hivyo, bei hiyo haijakamilika.

Na kuna kosa la karatasi linalowagharimu watu sana. Bima nyingi zina fungu dogo la meno na fungu kubwa la upasuaji. Mvunjiko wa taya au uvimbe wa mfupa mara nyingi unastahili kuingia kwenye upasuaji, lakini karani akiandika "huduma ya meno" fungu dogo huisha siku moja. Mwombe bingwa aandike ugonjwa wenyewe, mfano "mvunjiko wa taya la chini", na ombi la kibali litumwe kabla ya kulazwa.

Hatua ya 9: Ukitoka mbali

Panga mahali pa kulala karibu na hospitali kwa wiki moja baada ya upasuaji mkubwa. Damu na uvimbe huja siku za mwanzo, na nyuzi zisizoyeyuka hutolewa karibu siku ya 7. Taya likifungwa kwa waya, waya hukaa wiki 4 hadi 6. Kabla ya kuruhusiwa, omba mkasi wa kukatia waya, uonyeshwe zipi za kukata ukitapika, na mkasi huo utembee nawe saa 24. Anayekaa nawe aonyeshwe pia.

Uliza nani atakuangalia nyumbani, na mwombe bingwa amwandikie daktari wako wa meno barua ya majibu: kilichofanyika, bamba ziko wapi, picha irudiwe lini.

Kama sampuli ilikatwa, usitoke bila namba ya sampuli na jina la maabara. Majibu ya kawaida huchukua wiki 1 hadi 2. Mfupa huchukua muda zaidi kwa sababu lazima ulainishwe kwa asidi kwanza ili ukatike. Andika tarehe kwenye kalenda, na siku hiyo ikipita piga wewe. Usidhani kwamba kutopigiwa kunamaanisha hakuna tatizo. Karatasi huenda imekaa kwenye droo ikingoja mtu aiulizie. Ukiipata, ipige picha kurasa zote, nakala moja iende kwa daktari aliyekuandikia rufaa, na ile yenye mhuri ibaki kwako.